Majivu ya Ngazini

Bibi wa nyumba iliyo juu ya yangu hupitisha baridi yote kwa makaa mawili kwa siku, yale ya duara yenye matundu kama sega la nyuki, na huyatunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Vidole vyake vina weusi usiotoka kwa sabuni. Kila asubuhi hutoka na kaa lililokwisha, akaliponda kwa kisigino juu ya ngazi zetu zenye barafu, huku akiniita kwa sauti: "Mama Boram, teremka sasa, huanguki!"

Juzi ngazi zilibaki nyeupe. Mpaka saa tatu hakuna jivu, na moshi wa makaa hayo huua watu usingizini. Nikachota bakuli la maji ya figili za kuchachushwa, dawa ya mama zetu kwa aliyevuta moshi ule, nikapanda kwa magoti, nikaugonga mlango wake huku nalia.

Akafungua, amejifunika blanketi. Akalitazama bakuli.

"Nani anaumwa?"

"Wewe, Bibi! Sikuona majivu, nikajua umeshakufa!"

"Nife na kaa la jana bado linawaka? Nimelibania hewa, likafika mpaka sasa hivi."

Nikaketi pale pale kwenye theluji, nacheka na machozi yananitoka. Yeye akalipokea bakuli, akanywa yote, akatafuna na vipande vya figili hadi cha mwisho.

"Zimeiva vizuri," akasema, akinirudishia bakuli. "Kesho pia nitachelewa."