Mbuzi Kumi na Pikipiki ya Moniteri

Watoto wa siku hizi wakiona pikipiki imeanguka wanaiinua, wanapangusa vumbi, wanaenda zao. Mimi nikiona pikipiki imelala chini, napita mbali mpaka leo. Wajukuu wananicheka. Wacheke tu. Hawajui kama kuna pikipiki moja ilikaribia kuninyima bwana, na baba yangu ilimunyima kitu kikubwa zaidi, ambacho mimi sikukijua mpaka nikawa mama wa watoto wawili.

Tulikuwa watu wa mulima, upande wa Ngungu. Maharagi, mihogo, viazi kidogo, na kanisa siku ya Mungu. Baba yangu alikuwa muzee wa kanisa, mumoja wa wale wanaokaa kwenye benchi ya mbele na kubeba sahani za meza ya Bwana. Maneno yake yalikuwa machache, na hayo machache yalikuwa kweli. Watu wakigombania mashamba walisema, "Twende kwa ule Papa, ye hajui kudanganya." Na kweli hakujua, kama vile mutu mwingine asivyojua kuogelea.

Kijana aliyenitaka alikuwa wa mulima wa pili. Alikuwa ameenda Walikale, mule mu pori, kupasua mbao kwa musumeno wa watu wawili, akakaa huko muda murefu ili apate mahari yangu. Ilikuwa miaka michache mbele ya uhuru. Akarudi na konji fupi, likizo ya kazi, mikono imekuwa migumu kama ganda la muti, na mbuzi kumi. Baba alikuwa amesema kumi, si tisa. Kwa bei yazo alikuwa ameahidi mama mabati, maana nyumba yetu ya majani ilivuja kila musimu, na mama alikuwa amechoka kuhamisha sufuria. Konji ikiisha kijana atapanda lori ya mbao na kurudi Walikale: ama na mimi, ama peke yake. Na akirudi peke yake, nani anajua atarudi tena lini? Walikale kulikuwa na wasichana pia, jamani. Sikulala vizuri wiki ile, nasema wazi.

Sasa, sikilizeni desturi mbili za kwetu, kwa sababu zenyewe njo zilituletea matata.

Ya kwanza: mbuzi za mahari zikifika, haziko bado za baba wa binti. Zinafungwa nje, wazee wanaingia ndani kusema na kunywa mutobe, yale maji matamu ya ndizi, maana sisi wa kanisa pombe hatukunywa. Wakimaliza, baba wa binti anatoka, anaweka mukono kwenye kamba. Hapo njo zinakuwa zake. Chui akizikula mbele ya hapo, hasara ni ya watu wa bwana arusi.

Ya pili: mifugo ya mutu ikiharibu shamba la mwingine, hakuna anayegusa kitu. Hata muche mumoja wa maharagi ulioinama hauinuliwi, mpaka wapimaji wafike. Ni watu wawili, mumoja wa kila upande, wanazunguka shamba pole pole, halafu wanasema ni vitunga vingapi vimepotea. Ukiinua kitu mbele yao, watasema unaficha.

Asubuhi ya siku ya mahari, moniteri wa kilimo alifika kwetu na pikipiki yake. Ni yeye aliyezunguka milima kuangalia kama watu wamechimba mitaro ya kuzuia udongo. Barabara iliishia mbele ya nyumba yetu, kwa hiyo aliisimamisha hapo kwenye kona, akapanda mulima kwa miguu na kusema atarudi kesho. Pikipiki ilikuwa yake mwenyewe, ameinunua na mushahara wake, na aliipenda kuliko muke, kama angekuwa naye. Akatunyooshea kidole sisi wote: "Musiguse. Hata mutoto asiguse."

Wageni wakafika saa za muchana. Baba mudogo wa bwana arusi, muzee mwema lakini mwenye haraka, akatafuta pa kufungia mbuzi. Migomba inakatika, ukuta wetu ni wa udongo. Akaona hicho kitu cha chuma kimesimama imara kwenye kona. Mbuzi kumi, kamba moja kubwa, fundo moja. Akaingia ndani kunywa mutobe, roho imetulia.

Mimi nilikuwa jikoni, na jiko letu lilikuwa nje. Niliona yote. Baba alitoka mara moja katikati ya maongezi, akasimama kwenye mulango, akaangalia mawingu. Akarudi ndani. Kwenye kona hakufika. Kidogo tu, mama yangu akatoka nyuma ya nyumba na kitunga cha maganda ya ndizi, kwa roho nzuri, mbuzi za wageni zisikae na njaa. Akayamwaga. Weee! Mbuzi kumi zikaona maganda kwa pamoja.

Ile sauti sitaisahau. Kwanza chuma, halafu kioo, halafu mama yangu akisema, "Yesu wangu."

Watu wote wakatoka. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu, taa imepasuka, gido ya kushikia imepinda, na mbuzi zinakula bila wasiwasi. Kijana wangu akakimbia kuiinua. Wazee wote, wa kwao na wa kwetu, wakapiga kelele mara moja: "Usiguse!"

"Lakini mafuta inamwangika," akasema.

"Iache vile iko," akasema baba mudogo wake. "Wapimaji hawako hapa. Na hawa wa nyumba wanasema mwenyewe alikataza kugusa. Unataka waseme tumeficha?"

Ikaachwa. Esansi ikatoka tone kwa tone, harufu ikaingia mpaka kwenye sombe yangu, majani ya mihogo niliyokuwa napika. Magaribi mvua ikaja, ile mvua ya kwetu isiyobisha hodi. Kijana akachukua kirago, akasimama juu ya pikipiki akishikilia kirago kwa mikono miwili, bila kugusa chuma. Alisimama vile mvua yote, amelowa chapa chapa. Mama akamwita ale, akasema hana njaa. Baba alikuwa kwenye mulango, anamuangalia tu. Mimi nilikuwa nalia juu ya sufuria, nikisingizia moshi.

Moniteri akashuka asubuhi pamoja na wapimaji wawili. Akasimama.

"Mbona hamukuinua?"

"Ulisema tusiguse, Papa Moniteri," akajibu baba mudogo kwa heshima zote.

Moniteri akakaa juu ya jiwe, akashika kichwa. Nilifikiri atatutukana. Nikaona mabega yake yanatikisika, kumbe anacheka, kicheko cha mutu asiye na njia ingine.

Wapimaji wakaanza kazi yao vile walivyoizoea. Wakazunguka pikipiki pole pole, mikono mugongoni, kama wanazunguka shamba. Mumoja akachuchumaa, akanusa udongo. Mwingine akauliza, "Hii iko na miaka ngapi? Ilikuwa imekomaa ao bado?" Wakanong'onezana. Mwishowe ule mukubwa wao akasimama na kusema, "Papa Moniteri, sisi tunajua maharagi. Hii hatuijui. Lete mwenye kuijua, atuambie nini imekufa, na imekufa kwa nini." Nampenda ule muzee mpaka leo kwa neno hilo. Wangapi wangekisia tu?

Akaitwa fundi wa Kirotshe, aliyetengeneza malori ya watu wa pembeni ya ziwa. Akafika kesho yake na kinga, baiskeli yake, na sanduku la chuma. Wapimaji wakamuchuchumalia mumoja kila upande, na kila alichogusa walimuuliza: "Hii ni ya kuanguka, ao ni ya kulala?"

Taa: ya kuanguka. Gido: ya kuanguka. Mukono wa ambreyaji, ile klachi, uliokatika: ya kuanguka. Esansi yote iliyokwisha: ya kulala. Maji makali ya batiri yaliyomwangika na kula rangi: ya kulala. Mvua iliyoingia mu mashini: ya kulala.

"Kama mungeiinua palepale," akasema fundi, "hesabu ingekuwa nusu."

Wazee wakaangalia chini. Hapo moniteri akasema neno lililonishangaza. "Ya kulala ni yangu. Mimi njo nilisema musiguse. Mutanilipa ya kuanguka tu." Sikuwa nimejua kama mutu wa kazi ya Leta, ya serikali, anaweza kusema hivyo mbele ya watu wa mulima.

Lakini hata ya kuanguka peke yake haikuwa kidogo. Vyombo vitatoka Bukavu, vitapanda lori, vitawekwa. Fundi akataja bei, wapimaji wakaigeuza kuwa kitu tunachokijua: mbuzi sita.

Mbuzi sita! Kila mutu alipiga hesabu kimya kimya. Sita zikienda, zinabaki ine. Mahari imevunjika. Kijana atarudi Walikale peke yake kupasua mbao za mbuzi sita zingine. Nikamuangalia. Macho yake yalikuwa chini, anaangalia mikono yake ile migumu.

Mupimaji mukubwa akauliza swali la mwisho, lile la desturi: "Wakati zinaangusha, hizi mbuzi zilikuwa za nani?"

Baba mudogo akapumua. "Zilikuwa zetu. Kamba ilikuwa haijashikwa na..."

"Zilikuwa zangu," akasema baba yangu.

Akaendelea, na ile sauti yake ya kusoma zaburi: "Nilitoka katikati ya maongezi. Muliniona natoka. Niliweka mukono kwenye kamba. Mahari ilikuwa imeisha."

Mupimaji akamugeukia. "Papa, umesema?"

"Nimesema."

Nani angebisha? Ule mutu hajui kudanganya. Walimuona akitoka, na toka ndani ya nyumba hawakuweza kuona alifika wapi. Mbuzi sita zikaenda na fundi kwa njia ya Kirotshe, ine zikabaki kwetu, na ine hazinunui mabati. Mama alikuwa anakumbuka maganda yake ya ndizi. Nilifunga ndoa mbele ya konji kuisha, nikapanda juu ya lori ya mbao, nikaenda Walikale na bwana yangu. Furaha niliyokuwa nayo, acha tu. Sikufikiri mara mbili juu ya kamba.

Nilirudi kusalimia wazazi nikiwa na mutoto wa pili mugongoni. Bwana yangu alibaki kazini. Nyumba ilikuwa ileile ya majani. Mvua ikanyesha, tone likaanguka katikati, mama akasukuma sufuria na muguu bila kuangalia. "Pikipiki inapita," akasema, maana ni yenyewe iliyokula mabati yake, na tukacheka mpaka tukashika mbavu. Baba alitoka nje.

"Mama, kwa nini anatoka?"

Akachagua maharagi kwanza. Halafu akaniambia. Jumapili ile ya kwanza baada ya mimi kuondoka, baba alienda kwa pastere mbele ya ibada. Akamuambia: nimesema uongo mbele ya watu. Pastere akamuambia vizuri: basi simama mbele ya watu uutengeneze, na mambo yameisha. Baba akasema hapana. Nikiutengeneza, mbuzi zinarudi kuwa za watu wa bwana yake, na ndoa ya mutoto wangu inakuwa haina mahari. Siwezi kutubu na kubaki na uongo kwa pamoja. Akatoa funguo ya kabati ya sahani, akaiweka kwenye meza ya pastere.

"Tangu siku ile hajagusa meza ya Bwana," mama akasema. "Na nani anauliza? Watu wanafikiri ni magonjwa ya mugongo."

Nilikaa na maharagi mikononi. Niliona aibu, niliona hasira pia, na sikujua hasira ni ya nani. Mutu aliyekuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia! Na alikitoa, mbele ya macho yangu, nami nikapanda lori nikiimba.

Siku ya Mungu iliyofuata ilikuwa ya meza. Baba alikuwa kwenye benchi ya nyuma kabisa, karibu na mulango, mikono juu ya magoti, anaangalia mbele kama mutu anayesubiri lori. Sahani zikatoka mikononi mwa wazee wengine. Mustari wetu ukasimama kwenda mbele, nikasimama nao, mutoto mugongoni. Nikafika katikati ya kanisa. Nikageuka, nikarudi nyuma.

"Nenda," akaninong'oneza. "Weye haukusema kitu."

"Papa, nilikuwa jikoni," nikamuambia. "Ulifika kwenye mulango tu, na mimi nilinyamaza."

Nilidhani atanifukuza. Kisha akasogea kidogo upande wa ukuta, nikapata nafasi ya kukaa na mutoto.