Kichwa Huku, Mkia Kule

"Na mwanaume, yeye atahama lini?" Niliuliza hivyo Jumamosi kwenye kikao cha wapangaji wa jengo letu, mtaani Kalundu.

Siri ilifichuliwa na kamba ya nguo. Mke wa jirani wa chini alikuta kikwembe, yaani kitenge, cha binti mpangaji mpya wa juu kimeanikwa kando ya chake: chake kilikatikia kwenye kichwa cha samaki aliyechorwa, cha mwenzake kilianzia kwenye mkia wa samaki huyohuyo. Mume alinunua kipande kimoja, akagawia wawili!

"Weye binti, beba vitu vyako!" wamama wakafoka kikaoni.

"Aliniambia miye kwamba huyu ni dada yake," binti akajibu, akimwonyesha mke. " Na ninyi mlijua, mkanyamaza!"

Mume alikuwa anachokoa meno.

Leo chumba cha juu ni kitupu, na mume bado anasalimiwa kwa heshima "papa", yaani baba. Msomaji, kikao kama hicho kikiitishwa kwenu, tafadhali rudia swali langu.