Bastola Inayokwama

Kwa miezi minne nilizunguka Sydney na bastola niliyokuwa naiogopa kuliko mwizi. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Mwizi sikuwahi kumwona. Bastola niliifunga kiunoni kila asubuhi saa kumi na mbili, nikatia saini kwenye daftari, na nikaanza kuhesabu saa za kuirudisha kabla hata sijapanda gari.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusafirisha pesa. Tunachukua madukani, tunapeleka benki, tunajaza mashine za kutolea fedha. Watu husema siku hizi Australia hakuna anayeshika noti, kila kitu ni kadi. Waje wabebe yale mabegi ya sarafu ndipo waseme tena. Kampuni ilikuwa ndogo, na silaha zote ni mali yake: zinalala kwenye sefu ya kampuni, unakabidhiwa asubuhi, na zamu ikiisha unatoa risasi mbele ya mwenzako na kuirudisha. Hakuna kwenda nayo nyumbani. Kwa hilo nilimshukuru Mungu, maana haikulala chumba kimoja na mwanangu.

Ile bastola niliichagua mwenyewe, nisimsingizie mtu. Siku ya kwanza meneja alifungua sefu akaniambia nichukue inayonikaa mkononi. Zilikuwepo kubwa nyeusi za kutisha, na ilikuwepo hii moja nyembamba, ya rangi ya fedha, kishikio chake kidogo. Nikaishika, nikaona imetengenezwa kwa ajili yangu. Nilichagua silaha kama mtu anayechagua viatu vya harusi.

Tulipokwenda uwanja wa shabaha kujipima, risasi ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili ikagoma. Ganda la ile ya kwanza lilikuwa halijaruka nje. Limebanwa pale juu kama punje ya hindi katikati ya meno. Nikalitoa, nikapiga tena, ikakwama tena. Meneja alikuwa nyuma yangu. Hakuitazama hata bastola. Alinishika kiwiko akasema, "It's the wrist, love. Mkono wako laini. You gotta hold it firm."

Mkono laini! Mimi niliyekua nikishusha mafurushi ya tangawizi kutoka milimani Same hadi barabarani. Lakini sikumjibu, na sababu naijua. Kabla yangu palikuwa na mwanamke mwingine kwenye magari, naye akaambiwa habari za mkono hizo hizo. Wakamhamishia ofisini kupanga bahasha, na mshahara ukateremka. Mimi nilikuwa nalea peke yangu. Kwa hiyo nikajifunza kuificha ile aibu. Nilijifunza kugonga kitako cha magazini, kile kisanduku cha risasi, kuvuta nyuma, kulitikisa ganda litoke, haraka haraka, mpaka nikafaulu mtihani kwa pointi za kuombea. Kila nilipoisafisha nilikuwa naibembeleza kwa Kipare.

Mwenzangu garini alikuwa Mchaga wa Marangu. Sisi Wapare na Wachaga ni watani, tunaweza kutukanana mbele za wakwe na hakuna anayenuna. Yeye aliniita bahili, akasema babu zangu waliuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku. Mimi nilimwambia akizimia sitaita gari la wagonjwa, nitadondosha sarafu karibu na sikio lake. Asipoamka, tutangaze msiba. Dereva wetu, mtu wa huku huku, alikuwa anadhani tunagombana kila siku.

Mwezi wa kwanza haujaisha nikamwambia. Nilikuwa nimechoka kubeba siri peke yangu.

"Mtani, hii kitu inakwama."

"Inakwama, au unabania risasi? Nyie mnajulikana."

"Sitanii. Risasi ya pili inakwama, karibu kila mara. Ila usimwambie meneja, nakuomba. Wataniondoa kwenye roster ya magari."

Alinitazama, akaitazama ile bastola kiunoni pangu, akasema "Haya" na kufunga mkanda wa kiti.

Sasa, kazi ile inafanywa hivi. Dereva habanduki garini, milango imefungwa. Wawili wanashuka: mmoja anabeba begi, mwingine analinda. Mbebaji mikono yake imejaa, hivyo macho yake na silaha yake ni yule mwenzake. Mlinzi anatembea upande wa watu, mkono karibu na bastola, na likitokea la kutokea ni yeye anayesimama. Mbebaji yeye hasimami, anaingia ndani na kufunga mlango. Ratiba inataka mpokezane, leo wewe, kesho mwenzio.

Tangu wiki ile mtani wangu akakataa kubeba. Nikimwambia leo zamu yako, anacheka. "Beba wewe. Mpare hajawahi kudondosha senti." Siku nyingine anasema, "Mchaga unampa begi la pesa? Hutamwona tena, mtani, utaandika barua ya kujieleza." Basi nabeba mimi. Sarafu za maduka makubwa zina uzito wa mawe, na bega langu la kulia likaanza kuwaka moto hadi nikalala kwa upande mmoja. Nilimsema sana mtu yule. Nilimsema kwa binti yangu, nilimsema kwa wanawake wenzangu kanisani: mwanamume mzima, mvivu, anamwachia mama wa watu mzigo huku yeye anatembea mikono mitupu.

Na niseme kweli, moyoni nilikuwa nafurahi. Nikiwa nimebeba begi, hakuna atakayeniuliza kuhusu bastola.

Kisha siku moja ya Alhamisi meneja akapanda gari letu kukagua kazi. Mbele yake ratiba ni ratiba: mtani alibeba, mimi nikalinda. Tulikuwa Bankstown, ndani ya jengo la maduka, saa nne asubuhi, watu wamejaa na vigari vyao vya manunuzi. Tunatoka kwenye duka la vyakula kuelekea mlango wa nyuma, meneja hatua chache pembeni. Nilikuwa nasema moyoni, hatua hamsini tu, hatua arobaini tu.

Nikasikia mtu anakimbia. Viatu vizito, vinakuja kwetu. Nikageuka nikaona mwanamume mnene wa kofia, mdomo wazi, anasukuma watu, anatazama moja kwa moja upande wetu. Mkono wangu ulikwenda kiunoni wenyewe. Na hapo, Mungu anisamehe, sikumwogopa yule mtu hata kidogo. Niliogopa risasi ya pili. Nikaona kabisa jinsi nitakavyosimama pale mbele ya watu nikigonga kitako cha magazini huku mtani wangu anakufa na begi mkononi.

Mlango ulikuwa hatua sita mbele ya mtani. Alitakiwa aingie. Badala yake aligeuka, akarudi, akajiweka kati yangu na yule mtu, begi amelikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Alikuwa hata hawezi kuigusa bastola yake. Alisimama tu.

Mwanamume wa kofia akatupita. Mtoto wake mdogo alikuwa ameshaanza kupanda ngazi za umeme peke yake nyuma yetu. Akamnyakua, akamkumbatia, akaanza kumgombeza kwa Kiarabu huku analia. Nikauondoa mkono kiunoni.

Meneja alisubiri mpaka tumevuka ule mlango wa nyuma ndipo akafoka. "You never stop. Never! Mwenye begi hasimami, hageuki. What were you thinking?"

"Sorry, boss," mtani akasema, macho chini.

"That's a written warning. One more and you're off the trucks."

Nami nilikuwa nimesimama pale pale. Sentensi moja tu ingetosha. Nikamwacha mtu anapewa onyo kwa ajili yangu. Katika yote ya miezi ile, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jioni, tukirudi, meneja akiwa ameshashuka, nilimuuliza mtani kwa nini alisimama. Akajaribu utani, akasema alitaka kuona kama Mpare anaweza kutoa kitu bure. Haukuchekesha, na yeye mwenyewe alijua. Ndipo nikaanza kuhesabu wiki kurudi nyuma, na hesabu ikaishia siku ile niliyomwambia inakwama.

"Ndiyo maana ulikuwa hutaki kubeba. Ulitaka anayelinda awe mwenye bastola nzima," nikasema.

Akageukia dirishani. "Achana nayo, mtani."

Nyumbani Auburn sikula. Nilimweleza binti yangu kila kitu, kwa Kiswahili, naye akanijibu kama anavyojibu siku zote: "Just tell them, Mum. It's a gun." Ana miaka kumi na minne na aliona jambo hilo ni jepesi hivyo. Nilitamani kumfokea. Nilikuwa naogopa kukosa kazi, na sasa nilikuwa naogopa pia kwamba mke wa mtani, ambaye mimba yake ilishaonekana hata chini ya koti, atapigiwa simu siku moja kwa sababu mimi nilinyamaza.

Asubuhi niliiweka ile bastola mezani mbele ya meneja, imetolewa risasi, iko wazi, na magazini pembeni.

"Siichukui."

Akaanza. "Mate, we talked about the wrist..."

"Basi twende uwanjani, upige wewe." Sauti yangu ilipanda hadi mafundi wa magari wakachungulia. "Wrist yako si ngumu? Upige wewe! Na kama haikukwama, unipeleke kwenye bahasha leo leo."

Meneja ana mkono kama mchi wa kinu. Mchana ule tulisimama uwanja wa shabaha, mimi, yeye na mtani. Akashika bastola yangu ya fedha vilivyo, akapiga. Ya pili ikakwama. Akalitoa ganda, akabadilisha magazini, akapiga tena. Ya tatu ikakwama. Alijaribu risasi za aina nyingine, zikakwama pia. Shingo yake ikawa nyekundu kuanzia kola kwenda juu, na akaiweka chini polepole.

"How long?" akauliza.

"Tangu siku uliyonishika kiwiko."

Akanipangia bastola tatu nichague, na safari hii sikuangalia rangi. Ya kwanza ilikuwa mpya, nzuri, ya bei mbaya, na magazini zake zinaagizwa ng'ambo. Ya pili ilikuwa rivolva ya zamani, haina cha kukwama, lakini kifyatulio chake kizito hadi shabaha ikanihama. Ya tatu ilikuwa nyeusi, imechubuka pembeni, imeachwa na mlinzi aliyestaafu. Sura haina. Vipuri vyake vinapatikana kila mahali na bei yake ni ya chini kuliko zote. Niliichokonoa kama sufuria ya sokoni. Niliifungua, nikaifunga, nikauliza ilisafishwa lini na nani, ilibadilishwa springi lini. Kisha nikapiga risasi mia mbili, mpaka kidole kikaota lengelenge. Kila baada ya risasi ya kwanza pumzi yangu ilisimama. Haikukwama hata mara moja.

"Mpare amechagua ya bei rahisi," mtani akasema nyuma yangu. Nilicheka hadi machozi yakatoka, na nadhani yalikuwa machozi ya kweli.

Sikuondoka hapo hivi hivi. Nilimwambia meneja aandike kwamba ile ya fedha ni mbovu, aifunge lebo nyekundu, aipeleke kwa muuza silaha mwenye leseni ikaharibiwe, nami nione karatasi. Sikutaka irudi sefuni ikamsubiri mgeni mwingine mwenye mkono mdogo. Na onyo la mtani lifutwe. Alisema ataangalia. Nikasema nitakaa hapa hapa hadi aangalie, nikavuta kiti. Alilifuta kabla ya saa kumi.

Jumatatu tulianzia Kensington, kwenye mashine karibu na chuo kikuu. Wanafunzi walikuwa wanasubiri tramu, wengine Waafrika, wanatutazama. Mtani alibeba, mimi nikalinda upande wa watu. Hofu ilikuwepo, siwezi kudanganya, lakini ilikuwa hofu ya kazi, ya kuogopa watu. Tukamaliza, tukapanda garini, mlango ukajifunga.

Akaliweka begi tupu magotini.

"Mtani, nikwambie kitu? Usikasirike."

Nikasubiri utani.

"Kila asubuhi nilikuwa namwomba Mungu uugue." Alikuwa anaongea na begi. "Sio ufe, hapana. Homa tu, mafua, kitu cha siku mbili tatu, ili wanipangie mtu mwingine. Nilikuwa naogopa sana. Nasali njia nzima kwenye treni, halafu nafika getini nakukuta umeshafika, unanisalimia."

Nilijaribu kukumbuka zile asubuhi zote. Miezi ile sikukosa kazini hata siku moja, na hata mafua sikuumwa.