Ekseli Iliyonyamaza

Shilingi kumi na moja na senti hamsini. Nimezihesabu mara mbili, na mara zote mbili zimenikera. Humo sijawatia samaki walioniharibikia, wala maneno ya mke wangu, ambayo hayana bei.

Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nilikuwa mchuuzi wa samaki. Alfajiri nikinunua samaki ufukweni Bodo, nikifunga tenga nyuma ya baiskeli, nikenda Ramisi kuwauzia wakata miwa kwenye nyumba zao za safu, walizoziita laini. Kwenda na kurudi, kila siku isipokuwa Ijumaa. Safari hizo zilikuwa zikila baiskeli mahali pamoja: ekseli ya kati, ile inayoshika mikono ya pedali. Maji ya chumvi yalidondoka kutoka tengani, mchanga ukanata, gololi zikasagika. Ekseli yangu ilikuwa imechimbika hata ikawa inalia njia nzima, kwii-kwaa, kwii-kwaa, kama punda anayedai mshahara.

"Hii itakukatikia njiani," fundi wangu wa Msambweni aliniambia. "Jua limepanda, tenga limejaa, nawe unasukuma. Samaki utawauzia nani? Nzi?"

Hilo la nzi liliniingia. Siku hiyo hiyo nikenda kwenye duka la vipuri.

"Karibu, mteja wangu wa maneno mengi," mwenye duka akasema, akanipangia ekseli tatu juu ya kioo cha meza.

Ya kwanza iling'aa kama kijiko cha harusi. Niliiviringisha kiooni, ikaenda ikiyumba kama mtu atokaye mangweni kunywa tembo. Ya pili ilikuwa imenyooka, lakini nilitoa tupa yangu ya kunolea mfukoni nikaipitisha, na tupa ikala chuma kama inakwangua mti.

"We bwana! Hiyo hujainunua!"

"Ndiyo maana naipima sasa. Nikishainunua, kuipima kutanifaa nini?"

Ya tatu ilikuwa nyeusi, nzito, imefungwa kwa karatasi ya mafuta. Tupa iliteleza. Nikapitisha ukucha pale gololi zinapozunguka, haukukwama popote.

"Hiyo utawarithisha wajukuu," akasema. "Shilingi tisa."

"Bei ya wajukuu watalipa wajukuu. Nitajie yangu."

Tulishuka hadi saba, akagoma. Mtu mwingine angelipa akaenda zake. Mimi nikamwambia, "Chukua na hii kuukuu yangu fundi akiitoa, unipunguzie hamsini." Aliitazama ile baiskeli, akaguna, akakubali. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Sita na nusu! Fundi akataka shilingi moja yake, nikampa bila hata kumpigia kelele, na ekseli kuukuu ikabaki dukani.

Asubuhi yake niliendesha kama niliyepanda hewa. Hakuna kwii, hakuna kwaa. Niliwasikia ndege, jambo ambalo lilikuwa halijanitokea tangu nianze biashara.

Nikafika laini. Siku zote kabla sijafika nyumba ya kwanza, akina mama walikuwa nje na sahani zao. Siku hiyo milango yote ilikuwa imefungwa. Nikapiga kengele. Lakini kengele alikuwa nayo muuza mkate, alikuwa nayo karani, alikuwa nayo kila mtu. Nikapaza sauti, "Samaki! Changu, tafi!"

"Hatutaki!" mama mmoja akajibu kutoka ndani. "Nenda na samaki wako wa jana!"

"Mimi siye yule wa jana! Ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Wa samaki!"

"Na yule naye wa samaki."

Yule naye alikuwa shemeji yangu wa Bodo, kaka wa mke wangu. Njia yetu moja, ila yeye alichelewa kuamka, akauza leo alichonunua jana. Mlango ukafunguka nusu. Mama akanitazama, akatazama na baiskeli.

"Kumbe wewe! Mbona leo hulii?"

"Mimi nilie?"

"Baiskeli yako, bwana. Ikilia tunajua samaki ni wa leo. Sasa tutajuaje?"

Nusu ya tenga niliiuza kwa kubisha mlango mmoja mmoja. Nusu nyingine jua liliimaliza. Nikakata njia hadi Msambweni.

"Ile ekseli yangu kuukuu," nikamwambia mwenye duka, "naitaka."

"Imekwenda. Mtu wa Bodo ameinunua jana ile ile. Nikamwambia shilingi, akalipa shilingi."

"Hakupunguza?"

"Hata kidogo."

Nikajua pana jambo. Ukoo wa mke wangu haulipi bei ya kwanza.

Siku ya pili, nikiingia Ramisi, nilijisikia nikija mbele yangu: kwii-kwaa, kwii-kwaa. Sahani zilikuwa zimemzunguka shemeji, na samaki wake macho yamezama kama ya wazee. Aliponiona akafungua mikono.

"Shemeji! Karibu samaki!"

Nikamvuta pembeni. Siku mbili zaidi za samaki wale, na sauti ile isingeniitia hata paka. "Nirudishie chuma changu."

"Chako? Si umeuza mwenyewe, kwa hamsini? Mwenye duka kanieleza yote."

"Nitakupa hamsini."

"Shilingi tatu, shemeji. Kwa kuwa ni wewe."

Nilihesabu mara mbili, nikalipa mara moja. Fundi akauliza, "Unatoa nzima, unatia mbovu? Una homa?" Akachukua shilingi yake nyingine. Kesho yake nililia hadi Ramisi, na sahani zikatoka. Ile ekseli mbovu, kwa gololi mpya kila mwezi, ilinilisha hadi nilipoacha uchuuzi.

Ile nyeusi niliifuta, nikaipaka grisi, nikairudisha katika karatasi yake. Ndiyo ekseli iliyodumu kuliko zote nilizopata kununua. Juzi amekuja mtu kutoka Diani, anafufua baiskeli za zamani, anaitaka. Imetembea siku mbili tu, lakini umri wake ni wa binti yangu mkubwa. Basi naomba shauri la mwenye kujua biashara: nimtajie bei ya kitu kipya, au bei ya kitu kikongwe?