Vipimo vya Doto

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana waliokuwa ukumbini siku ile bado nakutana nao sokoni Buhongwa, na bado wanatazama kwanza mgongo wangu ndipo wanisalimie.

Mimi ni Kulwa, pacha wangu ni Doto, tumefanana mpaka marehemu baba alitutambua kwa kovu langu la goti, ila mwenzangu aliolewa Nansio, mimi nikabaki Mwanza. Mdogo wetu alipokaribia sendofu, sherehe ya kumuaga aende kwa mume, Mama aliomba kitu kimoja tu: pacha wake wavae sare na wapeleke pamoja keki ya wakwe. Tukajiangalia, tukaona tumenenepa, tukaanza mlo mmoja, samaki wa kuchemsha na mboga, ugali marufuku (sukari usiitaje), na kila asubuhi tunapigiana simu kuambiana jana tulikula nini. Doto akapungua. Mimi wapi! Njaa ikaniletea ndoto za mchana: nakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, naona ziwa linapanda taratibu mpaka miguuni, nami naelea juu yake, mwembamba, nimevaa zambarau, halafu nashtuka na kukuta kiuno ni kile kile.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, Doto akanitumia vipimo vyake nivipeleke kwa fundi cherehani wa Igoma. Fundi akanyoosha futi yake, akasema, "Dada, na wewe nikupime."

"Sisi pacha, fundi. Ukimpima mmoja umetupima wote," nikamjibu, maana niliona aibu, na ile ndoto ilishaniahidi kwamba siku ikifika nitakuwa kama Doto.

Magauni yakaletwa siku yenyewe. La kwangu lilifungwa na wanawake wawili, nikaagizwa nisipumue sana, na nikaingia ukumbini kwa hatua ndogo ndogo, nasikia muziki kama unatoka chini ya maji, upepo wa ziwa unapita madirishani, na kwa dakika ile moja nilikuwa mwembamba kweli. Tukafika kwa mama mkwe, tukapiga magoti na keki yetu, nikasema shikamoo, na kabla marahaba haijaja gauni likapasuka kuanzia shingoni hadi kiunoni. Mkono wangu ukakimbilia mgongoni. Keki ikaenda mapajani kwa mama mkwe.

Jikoni, Doto aliniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma, "Kulwa, ulikuwa unakula kwa siri?"

"Nilikula," nikasema. Sikuwa nimekula.

Dada Koku, muuguzi na jirani yetu wa siku nyingi, alikuwa anafuta krimu kwenye viatu vyake. Akasema huenda sivyo, kwamba pacha kama sisi tulizaliwa na vinasaba vile vile, lakini maisha huviwekea alama zinazofanya kazi kama swichi, nyingine zinawashwa, nyingine zinazimwa, kwa chakula, maradhi na hata mawazo, wataalamu wanaiita epijenetiki, hivyo mlo mmoja unaweza kumpunguza huyu na usimguse yule, ingawa swichi ipi hasa hakuna wa kukuapia. Najua Doto alikumbuka mwaka ule wa ukame, utotoni mwetu, mimi niko kwa bibi nakula mara moja kwa siku, yeye yuko mjini kwa shangazi na chai yake ya maziwa.

"Sasa kwa nini ulikubali?" akauliza, na machozi yanamtoka.

Nikamwambia niliona afadhali kuitwa mlafi kuliko kukana nikaitwa mwongo, na hapo hapo nikagundua kwamba mwongo nilishakuwa.

Mama aliingia na doti mpya ya kanga, akaichana katikati, kipande kimoja akamfunga Doto juu ya gauni lake, kingine akanifunga mimi juu ya lile pasuo, kisha akatushika mikono na kuturudisha ukumbini tukiwa sare. Kanga ilinitosha.

Tangu siku hiyo fundi akinyoosha futi nasimama mwenyewe, napumua mpaka mwisho, na namba namwachia aisome kwa sauti.