Maji Tuliyoyaacha Ziwani

Mwaka ule mvua za vuli zilipokosekana, mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha pampu ya kikundi chetu cha wakulima, nje kidogo ya Garsen. Mpunga wetu hunywa maji ya ziwa dogo lililobaki pale mto ulipohama njia zamani. Ziwa lile si letu peke yetu. Viboko wanalala humo, kambare wanazaana humo, na Waorma huleta ng'ombe wao kunywa kupitia malka, njia ya mifugo tunayoiacha wazi kati ya mashamba.

Mto ulishuka, mfereji unaoleta maji ziwani ukakauka, na mpunga ndio kwanza ulikuwa unatoa mashuke. Tukapiga pampu kutwa.

Asubuhi moja mama wa Kiorma ambaye huniuzia maziwa alinijia mikono mitupu, matope hadi magotini.

"Dada, leo hakuna maziwa. Ng'ombe wangu amenasa."

Nilizima pampu tukaenda. Ng'ombe alikuwa amezama hadi tumboni, mahali ambapo juzi tu palikuwa na maji. Wachungaji walimfunga kamba, tukavuta sote, akatoka. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kile kilichobaki cha ziwa: viboko wamebanana katikati, kambare wanatweta juujuu, na korongo wanawadonoa wapendavyo.

Sikuiwasha tena pampu siku hiyo. Niliwaita wenzangu nikawaambia tuchomeke nguzo yenye alama ziwani. Maji yakishuka hadi kwenye alama, pampu inazimwa, hata alie nani.

Kaka yangu mkubwa alisimama. "Na mpunga je? Viboko ndio watakaotulishia watoto?"

"Mashamba ya chini tutayanywesha. Ya juu tuyaache."

"Ya juu ni ya nani?"

"La kwanza ni langu," nikasema. "La pili ni lako."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Tulibishana mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, na mwishowe tukakubaliana kwamba wa chini wakivuna watagawana na wa juu. Kaka aliondoka bila kuniaga. Kesho yake alikuja na nguzo ya mkoma aliyoichonga mwenyewe, akaingia majini akaichomeka.

Kuutazama mpunga wako ukigeuka njano na pampu iko pale pale si jambo jepesi. Kila nilipopita nilitazama pembeni. Lakini alama haikuvukwa, hata na wale walioninung'unikia. Waorma nao wakapanga zamu za kunywesha, ili ng'ombe wasilikanyage ziwa kwa pamoja.

Mvua za bara ziliponyesha, mto ulijaa ukaufungua mfereji. Kambare walionusurika wakazaana, na baada ya miezi michache samaki walikuwa wakiuzwa tena sokoni Garsen. Mpunga wa chini ulitufikisha msimu uliofuata, kwa kubanabana.

Mwaka jana tuliitwa Hola, kwenye mkutano wa watumiaji wa maji ya mto, pamoja na watu wa Ndera na Madogo. Afisa mmoja aliuliza ni nani aliyelianzisha jambo lile la nguzo kwetu. Kabla sijafungua mdomo, kaka alisimama, akaiweka sawa kofia yake.

"Ni huyu mdogo wangu," akasema. "Na shamba lake ndilo lililotangulia kukauka."

Niliinamisha kichwa nikajifanya natengeneza mtandio, maana tabasamu lilikuwa limenishinda.