Chumvi Baada ya Kupakua

Pale ofisini walimwita Dada Sinia, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kabla ya kuandika programu za kompyuta alikuwa mhudumu wa mgahawa, mama yake akiwa mpishi, na alipopata kazi mpya hakuona sababu ya kuitupa akili ya zamani. Mgeni yeyote wa kazi akimuuliza eneo la maandalizi, pale mafaili yanapowekwa kabla ya kuhifadhiwa, ni la nini, kwa nini mtu asihifadhi kazi yake moja kwa moja akaenda zake, alijibiwa papo hapo.

"Kompyuta yako ndiyo jiko. Mna vilivyoiva na vibichi. Mteja hapelekewi jiko zima! Unapakua kilichoiva, unakiweka kwenye sinia, unakitazama, ndipo unakipeleka mezani. Hilo sinia ndilo eneo la maandalizi."

Walicheka, lakini walielewa. Kwa somo hilo Dada Sinia alijiamini kweli kweli, na alikuwa na haki.

Wiki hiyo alikuwa akirekebisha ujumbe wa simu ambao kliniki ya macho huwatumia wagonjwa wa upasuaji. Mmoja wao alikuwa mama yake, aliyeingiwa na ukungu jicho la kulia. Zamu yake ilikuwa kesho, saa mbili asubuhi. Daktari alikuwa anasafiri adhuhuri ya siku hiyo hiyo ya upasuaji, na kurudi kwake hakuna aliyekujua.

Dada Sinia alirekebisha salamu ya ujumbe, akaliweka faili kwenye eneo la maandalizi. Kabla hajahifadhi akaona kituko: programu iliiona nane ya saa ya kompyuta, ambayo kwetu ni saa mbili asubuhi, ikaandika "saa nane mchana". Akacheka peke yake, akairekebisha kwenye faili lile lile, akajaribu. Saa mbili asubuhi, safi kabisa. Akahifadhi, akatuma kliniki, akaenda kula.

Hajafika katikati ya sahani, mama akapiga simu.

"Mwanangu, wanasema niende saa nane mchana. Afadhali, nitalala kidogo."

"Saa nane? Nani kakusomea?"

"Jirani. Na macho yake mazima."

Akarudi ofisini mbio, akafungua kompyuta, na humo kila kitu kilikuwa sawa. Mkuu wa kitengo, mtu mpole anayeogopa lawama kuliko moto, alikuwa ameshaanza kuusingizia mtandao.

"Mtandao hauna kosa, bosi. Kosa ni langu," Dada Sinia alisema, wote wakisikia. "Nilipakua kwanza, halafu nikatia chumvi kwenye sufuria. Sahani ingejuaje?"

Eneo la maandalizi lilikuwa limelishika faili kama lilivyokuwa alipoliweka. Alilorekebisha baadaye lilibaki jikoni, na kilichohifadhiwa ni kile cha kwenye sinia.

"Basi weka kila kitu, utume upesi," mkuu akahimiza.

"Kila kitu hapana." Jikoni mlikuwa na ukurasa mpya wa kliniki, haujaiva hata nusu, ambao ungeangusha mfumo mzima. Akaliweka upya faili moja tu, na safari hii akalikagua sinia lenyewe, mstari kwa mstari. Akahifadhi, akatuma, na wagonjwa wote wakapata ujumbe wa pili, wenye radhi na saa sahihi. Hata hivyo Dada Sinia alimpigia mama yake simu.

Asubuhi mama alikuwa wa kwanza mlangoni pa kliniki.

Siku ya kufunguliwa bandeji aliomba simu yake kabla hata ya maji ya kunywa. Akafumba jicho la kushoto, akasoma ujumbe wa kwanza kimya kimya, kisha wa pili kwa sauti, neno kwa neno, bila jirani. Dada Sinia machozi yakamlengalenga.

"Huu wa kwanza ulikuwa chapwa," mama akasema. "Hukuonja?"

"Nilionja, mama. Nilionja sufuria."

"Miaka yote ile mgahawani," mama akasema, akimtazama kwa jicho jipya, "nilikufundisha kuonja sufuria?"